Katibu wa Ukuta

Mtaani kwetu Madale, mwalimu akionekana amekaa kwenye mkutano, kalamu huletwa. Hakuna anayemuuliza kama ana nafasi. Jioni moja nilikwenda kwa jirani kuchukua ngazi yangu aliyoiazima, nikakuta watu kama kumi na wanane wamekaa barazani kwake wanaanzisha kamati ya ulinzi. Nikakaribishwa kiti. Nilipoinuka nilikuwa katibu. Ngazi sikuipata.

Kilichotukusanya ni wizi. Ndani ya wiki tatu ilipotea pampu ya kisima, wakapotea kuku, na mwisho mtu alianua mashuka ya jirani yetu mstaafu yakiwa bado mabichi, akaacha vibanio vimepangwa vizuri juu ya jiwe la kufulia. Vibanio ndivyo vilivyomuuma mwenye mashuka. Alisema ile ni dharau. Kwa uchungu huo tukampa uenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa mtu mrefu, wa kuchomekea shati hata Jumapili, na kila alipotaka kusema jambo alianza na neno moja. Kiusalama, tumekaa vibaya. Kiusalama, mbwa peke yake hatoshi. Siku moja aliniambia kwamba kiusalama mvua ya mwaka huo ilikuwa nyingi mno. Nilikuwa namwamkia shikamoo kila asubuhi na bado namwamkia. Hakuwa mtu mbaya, na hilo nataka lijulikane mapema kwa sababu mbaya yumo humu na si yeye.

Sisi tunakaa juu ya kilima. Chini yetu kuna korongo, na ng'ambo ya korongo kuna watu ambao tuliwaita watu wa bondeni, ingawa nyumba zao ziko juu ya kilima cha pili, sawasawa na zetu kwa urefu. Njia tatu za miguu zilikuwa zinashuka kwetu na kupanda kwao. Kwa njia hizo walipita mafundi wetu, wadada wetu wa kazi, mchicha wetu na hata mlinzi wetu. Kwa njia hizohizo, kamati ikaamua, alipita mwizi. Pendekezo likawa kujenga ukuta kwenye ukingo wa korongo, toka kiwanja cha kwanza hadi cha mwisho, juu uwekwe chupa zilizovunjwa, halafu libaki geti moja tu barabarani lenye mlinzi na daftari.

Mjadala ulichukua miezi miwili, sehemu kubwa kwenye kundi letu la WhatsApp. Mtu mmoja alituma video ya uzio wa mpakani wa nchi ya mbali, una askari, taa na mbwa wakubwa, akaandika, "Wenzetu hao." Kundi likawaka. Wengine wakasema uzio ule ni ukatili, wengine wakasema kila nchi ina haki ya kujilinda. Kwa siku nne tulijadili mpaka wa nchi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kupewa viza yake. Wanaume wawili wa mtaa wetu waliacha kusalimiana kwa ajili ya mpaka huo, na mpaka leo wakikutana dukani mmoja anaangalia mafuta ya kula na mwingine anaangalia sabuni.

Aliyesema la maana alikuwa jirani yetu mwenye duka la dawa. Ni Mhindi wa hapahapa Dar, familia ya Kishia, na Kiswahili chake ni safi kuliko changu mimi niliyesomeshwa kukifundisha. Alisimama kwenye mkutano wa pili akasema:

"Jamani, mie nina ukuta. Nina waya wa umeme, nina kamera nne, nina mbwa wawili. Mwaka jana wamenibebea TV na jenereta. Wameingilia wapi? Getini. Nani kawafungulia? Mie mwenyewe. Walisema wamekuja kurekebisha king'amuzi, nikawapa na chai."

Watu walicheka sana. Mwenyekiti akamshukuru, akasema hoja imepokelewa. Kwenye muhtasari niliandika, "Mjumbe alieleza uzoefu wake." Ukuta ukapita kwa kura nyingi. Nami nilinyoosha mkono kuuunga. Sikulazimishwa, na pampu iliyoibwa haikuwa yangu. Nilinyoosha kwa sababu walio pembeni yangu walinyoosha, na kwa sababu nilikuwa na njaa.

Sasa niseme habari za mama yangu.

Mama nilimtoa Upareni miaka mitatu kabla ya hapo, baba alipofariki. Nilimpa chumba chenye dirisha kubwa, nikamwambia apumzike. Kupumzika kulimtesa. Mtu aliyeamka saa kumi na moja maisha yake yote, akapanda na kushuka mlima na jembe, ukimketisha kwenye sofa la Madale unamwonea. Wiki ya kwanza alifua mapazia yote. Wiki ya pili alifua mapazia yote tena. Wiki ya tatu nilimtuma mchicha korongoni ili mapazia yapone, na huko akasikia mtu anamgombeza mbuzi kwa Kipare.

Mtu huyo alikuwa bibi wa makamo yake, mjane kama yeye, anakaa na binti yake ng'ambo ya korongo na kulima vijaruba vya mchicha kando ya kijito. Mama ni Mlutheri na yule bibi alikuwa Mwislamu. Vijiji vyao huko milimani vilitazamana. Waligundua kwamba waliwahi kugombea maji ya mfereji mmoja wakiwa wasichana, na kila mmoja alikumbuka kwamba upande wake ndio uliokuwa na haki. Mama alirudi saa saba mchana bila mchicha. Nilimkuta anaimba jikoni, na sikuwa nimemsikia akiimba tangu tumzike baba.

Tangu siku hiyo kila asubuhi saa nne mama alishuka njia ya katikati. Kati yao kulikuwa na hotipoti moja ya kijani. Mama aliipeleka mara ya kwanza ikiwa na makande, maana Mpare akikupenda anakupa makande, na akikuchukia anakupa makande vilevile ila hakai kukutazama ukila. Chombo cha jirani hakirudishwi kitupu kwetu, hata kwa dawa. Basi hotipoti ikarudi na mihogo. Ikaenda na ndizi, ikarudi na kisamvu. Ilikwenda na kurudi miaka miwili na zaidi, mpaka wao wenyewe wakaanza kubishana ilikuwa ya nani. Mama anamwita yule bibi "mwenzangu", sijawahi kumsikia akimwita jina lingine.

Ukuta ulipopitishwa nilimweleza mama jioni, tukichambua maharage. Hakupiga kelele. Aliuliza kama kutakuwa na mlango.

"Geti la barabarani," nikamwambia.

"Barabarani ni mbali, mwanangu. Goti hili halifiki. Waombe waache kijimlango pale njia ya katikati. Hata cha kupita mtu mmoja, hata wakifunge kwa kufuli, funguo akae nayo mwenyekiti. Nitakuwa namwamkia, ananifungulia."

Nikasema nitawaombea.

Kila mkutano katika nchi hii una ajenda ya mwisho inayoitwa Mengineyo. Ni pale ambapo mambo yaliyokosa mahali pa kukaa hupata kiti. Nimeona harusi zikivunjika kwenye Mengineyo na wakuu wa shule wakiangushwa kwenye Mengineyo. Ombi la mama nililiweka hapo. Niliandika kwa penseli pembeni mwa karatasi, "mlango – mama."

Siku hiyo mkutano ulikuwa mrefu. Tulibishana kuhusu chupa. Kijana mmoja mhasibu, aliyekuwa amejenga nyumba yake karibuni na bado hajapata usingizi kwa ajili yake, alitaka chupa za bia kwa kuwa ni nene. Wengine walisema si vizuri ukuta wa watu wenye staha kujaa chupa za bia. Ikaamuliwa zichanganywe na za soda. Jua likazama, mbu wakatoka. Mwenyekiti akafunga daftari lake, akauliza, "Kuna mengineyo?"

Nilitazama karatasi yangu. Nilijiona nasimama mbele ya watu wazima, baada ya saa tatu za kiusalama, nikisema kwamba ukuta wao utobolewe ili mama yangu akapige soga na muuza mchicha. Niliona aibu. Nalisema wazi kwa kuwa nimekuwa nikilizunguka kwa muda mrefu. Nilimwonea aibu mama yangu na rafiki yake, mbele ya watu ambao wengi wao mama zao walikuwa wanauza mchicha vilevile.

"Hakuna," mwenyekiti akajijibu, kisha akamwomba mmoja wetu afunge kwa sala.

Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni: "Mengineyo: Hapakuwa na mengineyo."

Mama alikuwa ananisubiri sebuleni, hajala.

"Uliwaambia?"

"Niliwaambia. Wamekataa."

Alitikisa kichwa taratibu, akasema, "Haya. Wana sababu zao." Kisha akanipakulia chakula.

Mafundi walitoka ng'ambo, maana fundi mwingine tungempata wapi. Walijenga wakiwa upande wetu, tofali juu ya tofali, na kila jioni walirudi kwao kwa pengo lililobaki. Pengo lilipokuwa linapungua, walipita kwa ubavu. Siku ya mwisho walilifunga, wakanawa mikono, wakazunguka barabarani kurudi nyumbani. Mchana wake mmoja wao alikuwa juu ya ngazi yangu akipandikiza chupa. Nilimsalimia, na ngazi nikamwachia aendelee kuitumia.

Mlinzi naye alikuwa wa ng'ambo. Zamani alifika kazini kwa dakika kumi, sasa akawa anatembea karibu saa nzima ili aje atulinde dhidi ya majirani zake. Tulimpa kofia.

Mama alikaa ndani siku mbili. Siku ya tatu, saa nne, alibeba kigoda chake, akaenda kukaa pale njia ya katikati ilipokuwa, uso kwa uso na tofali. Akakohoa. Upande wa pili mtu akakohoa. Mwenzake naye alikuwa amekuja na kigoda.

Ndivyo walivyokaa miezi mitano. Nilikuwa likizo nikawasikia kwa masikio yangu. Walizungumza kwa sauti ya kawaida, wala hawakupaza, na kuna wakati walinyamaza robo saa nzima kisha mmoja akacheka na mwingine akacheka. Simu hazikuwafaa. Mama anaamini simu ni ya kuarifu vifo, na mwenzake alitumia simu ya binti yake, ambayo ilikwenda kazini na binti. Bodaboda mama aliikataa kabisa. Alisema mjane wa miaka sabini na nne hawezi kumkumbatia mwanamume asiyemjua mchana kweupe. Niliahidi kumpeleka kwa bajaji kila Jumamosi. Nilimpeleka mara mbili. Jumamosi ya tatu nilikuwa na mitihani ya kusahihisha, na mitihani haijawahi kuisha.

Hotipoti nayo haikukaa chini. Mama alitandika gunia juu ya chupa, na mlinzi alipopita kwenye mzunguko wake alipanda juu ya tofali zilizobaki, akaitelemsha ng'ambo ndani ya ndoo kwa kamba. Kesho yake aliivuta ikiwa na kitu. Yule mlinzi hakuwahi kuambiwa afanye hivyo. Alisema tu bibi akimtazama anakumbuka mtu.

Kisha mhasibu akaliona gunia. Alilipiga picha akaituma kundini na maneno mekundu. Mkutano wa dharura ukaitwa. Nikaandika: "Mtu asiyefahamika anapitisha vitu juu ya ukuta sehemu ya katikati." Lilikuwa gunia la mchele wa Ndungu lenye maandishi makubwa, na nyumba iliyokuwa inaletewa mchele kutoka Ndungu, huko Upareni, mtaani kwetu ilikuwa moja. Mwenye duka la dawa alinitazama, nikatazama karatasi. Mlinzi alipoulizwa alisimama wima kama askari, akasema, "Mie sijaona kitu, mzee." Ikaazimiwa gunia liondolewe na katibu afuatilie.

Katibu akafuatilia. Kesho yake asubuhi, mama akiwa anaoga, niliomba ngazi yangu, nikapanda, nikalitoa gunia kwa mikono yangu. Hotipoti ilikuwa upande wetu siku hiyo, tupu, imeoshwa, imewekwa dirishani ikisubiri zamu. Ilibaki hapo dirishani.

Mama alipoona chupa ziko wazi aliniuliza ni nani. Nikasema kamati. Kwa mara nyingine akasema wana sababu zao.

Wakaendelea kwa sauti peke yake. Kisha ikafika Jumanne moja, nimerudi shuleni, mama akaniambia, "Leo hakuitika." Nikasema huenda kaenda kliniki. Jumatano akasema, "Leo tena." Nikamwambia Jumamosi nitampeleka, safari hii kweli. Alhamisi saa sita nikiwa darasani simu ikaita. Mama hapigi simu. Nilitoka nje kuipokea.

"Mwenzangu amefariki," akasema.

"Nani amekwambia?"

"Nimesikia."

Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake. Asubuhi alisikia wanawake wakilia, akajipa moyo kwamba ni nyumba nyingine. Halafu akasikia wanaume wengi wanatoka na jeneza, wanaitikiana La ilaha illa Llah, sauti ikishuka njia ileile ya mchicha, ikapita mbele yake, hatua chache kutoka alipokaa, ikaenda. Mama aliinuka akasimama mpaka ikapotea. Hakuona kitu.

Nilipofika kwa bajaji nilimkuta getini. Alikuwa ameamua kwenda kwa miguu, goti likakataa pale kwenye kizuizi, mlinzi akampa kiti chake. Alikuwa amejifunga kanga mbili na hotipoti iko mapajani. Daftari la geti lilikuwa wazi mezani, na mlinzi, kwa kuwa ndiyo amri, alikuwa amemwandika. Atokako: ndani. Aendako: msibani. Sababu: hapo mlinzi aliandika "rafiki." Akaniambia, "Mwalimu, jana bibi wa kule alikuwa anamuulizia mama. Nilikuwa zamu ya mchana, nikasahau kumwambia." Akafuta macho kwa ile kofia tuliyompa.

Tulifika wameshazika. Mama alikaa na wanawake mkekani, akashika mkono wa binti wa marehemu. Hotipoti aliificha chini ya kanga. Ilikuwa tupu, nami nilijua hawezi kuitoa ikiwa hivyo.

Jioni mwenyekiti alikuja nyumbani kumpa mama pole. Alikuja na mwenye duka la dawa na yule mhasibu, kwa kuwa msiba ukimgusa katibu umeigusa kamati. Walikaa. Mwenyekiti akamwamkia mama shikamoo, akasema pole za kweli, hakusema kiusalama hata mara moja. Mama akaitikia marahaba, akamshukuru, kisha akasema kwa upole kabisa:

"Baba, siwalaumu. Ila ule mlango mlionikatalia, leo ungenifaa."

Mwenyekiti alimtazama. "Mlango gani, mama?"

"Kijimlango cha njia ya katikati. Niliwaombeni kabla hamjajenga."

"Mama, mie ndiye mwenyekiti. Hilo ombi halijaletwa kwetu. Lingeletwa tungekataa vipi? Mlango wa mtu mmoja?" Akanigeukia, bila ubaya wowote, kama mtu anayeomba kukumbushwa. "Si ndiyo, katibu?"

Nilikuwa nimeshika sinia la chai. Mama alinitazama, na nikaona anaelewa kimojakimoja, mlango kwanza, halafu gunia. Haikuchukua muda. Mama hajawahi kuwa mzito wa kuelewa.

Kisha akawageukia wageni.

"Basi nilisikia vibaya," akasema. "Uzee huu. Mwanangu, wape watu chai, inapoa."

Nimewahi kuchapwa na mama kwa fimbo ya mti wa kahawa, nikiwa na miaka tisa, kwa kosa la kuongopa. Siikumbuki kwa maumivu. Maneno yale mawili matatu ya jioni ile nayakumbuka kwa maumivu, na chai niliimwagia kwenye visosa.

Wageni walipoondoka nilitaka kusema. Alinyanyua mkono, akaenda kulala.

Kwenye mkutano uliofuata, mwenyekiti alipouliza mengineyo, nilisimama. Nilisema nina ombi la mlango lililochelewa. Nikaeleza lilichelewa kwa nani. Likazungumzwa, likapita. Hakuna aliyepinga. Haikufika hata dakika tano. Mhasibu mwenyewe, mtu wa chupa, alisema, "Sasa hii nayo ilikuwa ishu, mwalimu? Si ungesema tu mapema." Mwenye duka la dawa akatoa mlango wa chuma uliobaki stoo kwake. Fundi alikuja kutoka ng'ambo, akazunguka barabarani asubuhi, na jioni akarudi kwao kwa njia ya mkato. Ufunguo ukakabidhiwa kwa katibu.

Mama hakuutumia. Niliacha ufunguo mezani, akaufuta vumbi pamoja na meza. Saa nne ikifika alikaa uani na kigoda chake na kutazama mapazia. Alinihudumia, alizungumza nami habari za bei ya nyanya na za shule, hata kucheka alicheka. Jambo lenyewe hakuligusa, na mimi kila nilipofungua mdomo nilikuta nauliza kama amekunywa dawa ya goti.

Siku ya arobaini ya yule bibi ilipofika, niliamka nikakuta makande yameshaiva. Aliyaweka kwenye hotipoti ya kijani mpaka juu, akaifunga kwa kitambaa, akajitupia kanga begani.

"Chukua funguo," akasema.

Tulifungua mlango. Njia ilikuwa imeota majani lakini ilionekana. Nilimshika mkono kushuka, nikamshika kupanda. Goti halikulalamika, au yeye hakulalamika. Kulikuwa na watu wamekaa chini ya turubai, kisomo kimeisha, masufuria yanapakuliwa. Binti wa marehemu akatuona, akaja mbio, akamwamkia mama akiwa amepiga magoti nusu.

Nikanyoosha mikono nimpokee mama hotipoti asalimiane kwanza, kisha aitoe mwenyewe kwa heshima yake. Akaniachia mikononi, akarudi nyuma hatua moja.

"Mpe wewe," akasema. "Na umwambie kwa nini imechelewa."

Binti alikuwa anatabasamu, hajui lolote. Alipokea hotipoti kwa mikono miwili, akaiangalia. "Hii! Mama aliitafuta mpaka siku zile za mwisho. Alisema iko kwenu, zamu ni yenu."

"Samahani," nikamwambia. "Kulikuwa na ukuta."

Mama alikohoa, kikohozi kilekile cha kwenye kigoda.

Nikaanza upya.